Upande wa Nyuma wa Karatasi

Hajazaliwa mwanamume wa kunidanganya mimi. Nasema hivyo mchana kweupe, na mwenye kubisha abishe. Ukimwacha yule wa kwanza, aliyeniaga anakwenda kununua kiberiti nikakaa gizani miaka miwili. Na wa pili, ambaye hata kiberiti hakutaja. Wa tatu alikuwa mkweli, maskini, ndiyo maana nikazaa naye. Lakini baada ya hao hakuna, hakuna kabisa.

Ndiyo maana siku ile, kwenye wodi ya wanaume, kitanda cha mwisho karibu na dirisha, kijana mwenye bandeji kichwani aliponitazama usoni na kusema, "Shikamoo, mama," nilimwamini. Nilimwamini mzima mzima, nikashika chuma cha kitanda.

Maana kijana huyu hajawahi kuniita mama. Tangu tufahamiane ananiita mchumba. "Mchumba, leo umenukia, unakwenda kunisaliti wapi?" Na mimi namjibu nakwenda kwa mwenye meno yote. Huo ndio utani wetu, utani wa bibi na mwanamume anayemtaka mjukuu wake. Sasa ananiamkia kwa adabu, kama anavyomwamkia mgeni wa kitanda cha jirani.

Mjukuu wangu alikuwa nyuma yangu, ameshika chupa ya chai kwa mikono miwili. Nikasikia kifuniko kinagongagonga chupa.

"Wino," akaita. "Ni mimi."

Kijana akageuza macho, akamtazama. Lo, jinsi alivyomtazama! Kuna namna mtu anavyoutazama ukuta akiwa kwenye foleni. Hana ugomvi nao, hauchukii, ila hana habari nao. Ndivyo alivyomtazama mtoto wangu.

"Samahani, dada," akasema taratibu. "Tunafahamiana?"

*

Ngoja nirudi nyuma kidogo, usije ukasema bibi amekutupa wodini bila kukueleza umefikaje.

Mjukuu wangu nyumbani tunamwita Maswali. Alipokuwa na miaka mitano aliniuliza kama ndoto yangu na ndoto yake zinaweza kukutana njiani. Nikamwambia, lala. Hilo ndilo jibu nililompa kwa miaka kumi na tatu mfululizo. Kisha akaenda chuo kikuu, akakuta watu wazima wenye ofisi na funguo wanauliza maswali yale yale, na hakuna anayewaambia walale.

Anasoma falsafa ya akili. Mimi niliishia darasa la saba, na mwaka mzima wa la saba nilikaa dirishani, kwa hiyo nilidhani akimaliza atatibu wendawazimu.

"Hapana, bibi," akasema. "Tunajiuliza akili ni nini. Iko wapi. Na utajuaje kama mwenzio anayo."

"Hilo la mwisho nitakufundisha mimi," nikamwambia. "Mwangalie siku anayogombana na mkwe wake."

Alicheka. Lakini kulikuwa na somo moja ambalo halikumchekesha. Mwalimu wao aliwaambia wamfikirie mtu aliye sawasawa na wewe. Anacheka, analia, ukimchoma sindano anaruka na kusema ai. Ila ndani yake hamna mtu. Ni kama nyumba ambayo taa zinawaka, redio inaimba, ukibisha mlango unafunguliwa, na mwenyewe hayumo.

"Utamjuaje, bibi?" akaniuliza. "Kwa nje hana tofauti. Utamjuaje?"

Wiki nzima nilimwona ananitazama nikiosha vyombo, kama anayesubiri nijisahau. Nilitaka kumfanyia mzaha, lakini nilipoona macho yake nikaacha. Mtoto alikuwa anaogopa kweli. Baba yake, mwanangu, alifariki mtoto akiwa mdogo, na siku ya mwisho baba alikuwa amelala kitandani, sura ile ile, masharubu yale yale, na yeye akawa anamwita haitiki. Nadhani swali lake lilianzia hapo, chuo kilimpa jina lake tu.

Sasa Wino. Wino alikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi mbele ya lango la chuo. Chumba kimoja: mashine ya kopi, kompyuta mbili, moja inafanya kazi na nyingine inasubiri kufanya kazi, na rafu za karatasi mpaka darini. Walimwita Wino kwa sababu vidole vyake havikuwahi kutakata. Kazi za wanafunzi wa chuo kizima zilipita mikononi mwake, kwa hiyo alijua kidogo kidogo cha kila kitu: magonjwa ya ng'ombe, mirathi, ujenzi wa madaraja.

Walivyopendana nilikuwepo. Nilikwenda kutoa kopi ya kadi yangu ya kliniki, nikamkuta mjukuu wangu amekaa juu ya katoni ya karatasi, ananyoosha kidole kama hakimu.

"Hebu niambie wewe mwenye mashine," anasema. "Ukitoa kopi ya mtu. Yote. Kumbukumbu zake, hasira zake, mapenzi yake. Yule wa pili ni yeye, au si yeye?"

Wino alichukua barua ya mteja, iliyoandikwa kwa mkono, akachukua na kopi yake, akazilaza mezani kifudifudi.

"Funga macho," akamwambia. "Pitisha kidole hapa nyuma. Haya, sasa na hapa."

Na akamshika kidole, akakipitisha mwenyewe. Mimi nikakohoa. Hakuna aliyenisikia.

"Hii ina vimatuta," akasema mjukuu wangu, macho bado ameyafumba.

"Basi hiyo ndiyo yenyewe. Mtu alikandamiza kalamu. Mashine inachukua maneno yote, haibakishi hata nukta, ila haichukui mkono ulivyokandamiza. Mteja akinichanganyia karatasi mimi sisomi. Nageuza, napapasa."

Akafumbua macho. Nilipoona anavyomtazama nikajua kopi ya kadi yangu haitoki leo, na kweli niliifuata kesho yake.

Mfano ule akauingiza kwenye kitabu chake cha kumalizia masomo, wenyewe wanakiita tasnifu. Kurasa sitini na tatu, na Wino ndiye aliyezichapa zote. Ndani yake mjukuu wangu alisema hivi: vile vimatuta ndivyo kumbukumbu, karatasi inaukumbuka mkono. Na mtu naye ni kumbukumbu zake. Zikifutika, aliyebaki ni mwingine, amevaa sura ya yule. Aliniandikia hivyo hata mimi kwenye kipande cha karatasi nikibandike jikoni. Nilikibandika. Nilidhani ni jambo zuri.

Kulikuwa na vikwazo viwili kwenye mapenzi yao. Kimoja ni mwalimu wa chuo, kijana bado, mwenye miwani na mashati yaliyopigwa pasi mpaka kwenye kola. Hakuwa na kosa lolote, ila kila mjukuu wangu aliposema "mwalimu amesema", Wino alivipiga vibonye vya kompyuta kama anaua sisimizi.

Kikwazo cha pili ni binti yangu, shangazi yake Maswali. Huyu ni nesi, sista mkuu wa wodi ya wanaume. Kaka yake alipofariki alimchukua mtoto, akamlea kama wake. Mwanamke wa shoka. Kifuani anabandika saa, kichwa chini miguu juu, kama masista wa zamani. Saa ile ilikufa mwaka juzi. Mapigo ya moyo ya wagonjwa anayahesabia kwenye simu. Lakini anaivaa kwa heshima ya kazi, na akitaka kulikwepa neno anainama kuitazama. Tunaojua kwamba imekufa ni mimi na mjukuu wangu tu.

"Mama," aliniambia, "mtoto wa kaka yangu asome mambo ya akili mpaka chuo kikuu, halafu aolewe na fotokopi?"

"Bora fotokopi," nikasema. "Angalau ikikudanganya mara moja inarudia vile vile."

Hakucheka.

Siku ya ajali Wino alipanda ngazi kushusha katoni ya karatasi kutoka rafu ya juu. Mjukuu wangu akaingia mlangoni. Wino akageuka kumtazama, katoni haikumsubiri. Ikamshukia kichwani. Wakacheka wote wawili, akanywa dawa ya maumivu, yakaisha.

Hayakuisha. Wiki ya tatu kichwa kikaanza kumuuma asubuhi. Kisha vidole vya mkono wa kushoto vikawa vinaruka vibonye, maneno yanatoka yana mapengo. Kisha siku moja akaanguka kutoka kwenye kiti, mbele ya wateja, mashine ikiendelea kutema kopi.

Daktari alisema damu imekusanyika kati ya fuvu na ubongo, inaukandamiza. Lazima watoboe fuvu waitoe. Alieleza vizuri, kwa upole, akichora kwenye karatasi, na kila alivyochora vizuri ndivyo nilivyozidi kuogopa. Mwishoni akasema, "Tunategemea atapona. Ila kumbukumbu zinaweza kuguswa. Hatuwezi kujua mpaka aamke."

Uso wa mjukuu wangu ukapauka. Kwenye korido akanishika kanga.

"Bibi, nimeandika mwenyewe. Asiponikumbuka, kwa maneno yangu mwenyewe, si yeye tena."

"Basi futa."

"Nimeshaikabidhi."

Asubuhi ya operesheni walimpitisha kwenye kitanda cha magurudumu, kichwa kimenyolewa, kimekuwa kidogo kama cha mtoto. Alinyoosha mkono tu, akaugeuza mkono wa mjukuu wangu, akapitisha kidole kimoja nyuma ya kiganja, polepole, kama anayepapasa vimatuta. Kisha milango miwili ikajifunga. Tulikaa pale saa nne. Sijui kama umewahi kuogopa mlango. Kila ulipotikisika nilisimama.

*

Sasa rudi pale kitandani. "Tunafahamiana?"

Mjukuu wangu akafungua mdomo. Mtoto aliyeanza kuuliza kabla hajaanza kutembea, alikosa hata neno moja. Akaweka chupa ya chai juu ya kabati, akakosea, ikaegemea glasi, nikaidaka mimi.

"Mimi ni..." akasema. Akajaribu tena. "Mimi nilikuwa nakuja dukani. Ulinichapia."

"Nawachapia wengi, dada," Wino akasema. "Utanisamehe. Duka nalikumbuka. Wateja wamenichanganyikia."

Aliongea vizuri, kwa sauti ile ile yenye mkwaruzo kidogo. Hilo ndilo lililotisha. Angekuwa amepooza mdomo, angekuwa anapayuka, ungejua ugonjwa uko wapi, ungeushika. Huyu alikuwa mzima. Alijua jina la hospitali, alijua mwezi, alijua bei ya katoni ya karatasi. Alichokosa ni sisi tu.

Pazia likafunguliwa. Shangazi mtu.

"Mgonjwa apumzike," akasema. Akainama, akatazama saa yake kifuani. "Muda umekwisha."

Nilipaswa kushtuka hapo. Sikushtuka. Hofu inakufanya mtiifu.

Nje, nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali, kuna benchi la saruji, na mbele yake wanaanika mashuka. Tukakaa hapo watatu, mimi, mjukuu wangu na shangazi yake. Mashuka yalikuwa yanavimba na kusinyaa kwa upepo, mtu angedhani kuna watu nyuma yake wanapumua. Mjukuu wangu hakuyaondolea macho.

"Itarudi?" akauliza.

"Mwanangu," shangazi yake akamwambia, na sauti yake ilikuwa laini kuliko nilivyowahi kuisikia, "huyu kijana wa watu hana kosa. Lakini mimi nimefanya kazi humu miaka ishirini na mbili. Kichwa kilichofunguliwa hakiahidi kitu. Leo kumbukumbu, kesho kifafa. Nimewaona wake zao. Wanaingia mlango huu wasichana, wanatoka wazee."

"Sijauliza hayo, shangazi. Nimeuliza itarudi?"

"Mtu aliyesahau haumii. Unaumia wewe peke yako. Muache. Nenda kaitetee tasnifu yako, uanze maisha."

"Na kama yumo ndani, ananisikia, hawezi kutoka?"

Shangazi mtu akatazama pembeni. "Siku tunamzika baba yako," akasema, "nilikushika mkono njia nzima. Ulikuwa unaniuliza kama chini kuna joto. Sitaki kukushika mkono tena kwenye njia ile. Ni hilo tu."

Akainuka, akapita katikati ya mashuka, akatoweka.

Tulirudi nyumbani bila mazungumzo. Na mimi sikuwa na mzaha hata mmoja. Siku bibi anapokosa mzaha, mtoto anajua mambo yameharibika. Akakaa jikoni, chini ya kile kipande cha karatasi, akakisoma, akakibandua.

"Nilipomtazama, bibi, niliona taa zinawaka," akasema. "Nikabisha. Mlango ukafunguliwa. Na hakuwemo."

Nikamkumbatia. Alikuwa na baridi kama bomba la maji.

"Bibi. Kuna kitu mtu hasahau? Chochote?"

Nikafikiri. Sikufikiri kisomi, nilimfikiria mume wangu.

"Babu yako," nikasema, "mwaka wake wa mwisho hakunijua mimi, hakumjua shangazi yako, alikuwa anamwamkia mbwa. Lakini fundi viatu akipita kunijulia hali, babu yako anakohoa. Anakohoa mpaka yule bwana aondoke. Mengine yote yalimtoka. Wivu ulibaki."

Maswali akainua kichwa begani kwangu. Akaomba kalamu.

*

Jumamosi tukarudi. Daktari alikuwa amesema asomewe vitu alivyovizoea, kwa hiyo mjukuu wangu alikwenda na tasnifu yake, ile nakala ya nyumbani yenye jalada la plastiki. Shangazi mtu alikuwa kitanda cha jirani, ng'ambo ya pazia, anapanga vidonge kwenye sinia. Nilimsikia alivyoacha kuvihesabu tulipoingia.

"Shikamoo, mama," Wino akaniamkia.

"Marahaba, mwanangu," nikajibu.

"Daktari amesema nikusomee," mjukuu wangu akamwambia. "Ukichoka niambie, kaka."

Kaka! Nikamwona Wino anameza mate. Lakini mgonjwa anameza mate, ni kawaida, nikajikataza kutumaini.

Akaanza kusoma. Alisoma polepole, sauti imenyooka. Wino alitazama dari. Akasoma mambo ya mtu na kivuli chake, mambo ya maumivu, kwamba huwezi kuhisi jino la mwenzio. Wino dari. Akafika ukurasa wa arobaini.

"'Mtu ni kumbukumbu zake,'" akasoma. "'Zikifutika zote, hatuna haki ya kumdai yule aliyebaki. Yule aliyetupenda ameondoka. Huyu hatudai na hatumdai.'"

Nikasikia vidonge vinadondoka kwenye sinia, kimoja, viwili. Nilimtazama Wino, na nakuapia sikuona kitu. Uso ulikuwa kama karatasi ambayo haijapita kwenye mashine. Nikajisemea moyoni, basi, ndiyo hivyo, mtoto wangu atabaki na jambo hili maisha yake yote, ataogopa kila uso anaoupenda. Nilitaka kumwambia afunge kitabu twende.

Akasoma mfano wa barua na kopi yake, wote mpaka mwisho. Wino akafumba macho.

"Umechoka, kaka?"

"Hapana. Endelea tu, dada."

"Imebaki shukrani." Akachomoa karatasi moja iliyokuwa imekunjwa nyuma ya jalada. Niliona shingo yake inavyopiga, pale chini ya sikio. Aliogopa kuliko siku ya ule mlango, na sasa najua kwa nini. Mlango ulikuwa mikononi mwake.

"'Namshukuru bibi yangu,'" akasoma, "'aliyeniambia nilale. Namshukuru shangazi. Na kwa namna ya pekee namshukuru mwalimu wangu, aliyenipa mfano wa barua na kopi yake, akanishika kidole, akakipitisha mwenyewe nyuma ya karatasi...'"

"Nani?"

Ilitoka kitandani. Mjukuu wangu hakuinua macho.

"Mwalimu."

"Mwalimu yupi?"

"Yule wa miwani."

"Huyo!" Wino akajiinua kwa kiwiko, bandeji imemshukia jicho moja. "Huyo ana mashine ya kopi huyo? Amewahi kushika barua ya mtu huyo, na mashati yake yale? Ile barua ilikuwa ya mzee wa bima, nikakwambia funga macho, umekaa juu ya katoni, na mchumba hapo mlangoni na kadi yake ya kliniki anakohoa kama pikipiki! Mwalimu alikuwepo? Lete hapa hiyo karatasi. Sikuchapa mimi upuuzi kama huo. Lete!"

Akamnyang'anya. Na kabla hajaisoma, vidole vyake vikafanya vilivyozoea: vikaigeuza, vikapapasa nyuma.

Akatulia.

Karatasi haikuwa imechapwa. Iliandikwa kwa mkono, na kwa kalamu iliyokandamizwa mpaka karibu ipasue. Nami nikachungulia, maana sina aibu. Hapakuwa na mwalimu wala shukrani. Kulikuwa na maneno mawili tu.

*Naogopa. Rudi.*

Hata mgonjwa wa kitanda cha tatu, anayekoroma mchana kutwa, aliacha.

"Na wewe," mjukuu wangu akasema taratibu, machozi yanamshuka bila kuyafuta, "umejuaje kama nilikaa juu ya katoni?"

Wino alitazama karatasi.

"Uliandika mwenyewe," akasema. "Ukurasa wa arobaini. Mimi ndiye niliyeuchapa. Nikajua nikikusahau utakuwa huru, hutanidai. Nitaanguka mbele yako siku moja, Maswali. Umekaa umepika, au umeshika mtoto, nami naanguka. Niliogopa. Nikasema bora unizike kabla sijafa, kwa hoja yako mwenyewe, isiyouma."

"Isiyouma!" Akampiga kwa tasnifu, begani, upande usio na bandeji. Kisha akamshika mkono, akaubana kifuani. "Siku mbili nimebisha hodi kwenye uso wako! Siku mbili! Unajua ilivyo giza huko nje?"

"Najua. Nilikuwa nakusikia."

Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, miguuni pake. Nilikuwa nalia na kucheka kwa wakati mmoja, kazi ngumu kwa mtu wa umri wangu.

"Wewe kijana," nikamwambia, "mimi hunidanganyi. Nilijua tangu mwanzo."

"Hukujua, mchumba. Ulishika chuma cha kitanda."

Mjukuu wangu hakucheka. Alikuwa amekunja uso, ule wa miaka mitano.

"Hoja hiyo ni yangu," akasema. "Lakini maneno mengine si yako. Kuanguka mbele ya mke. Mtoto mkononi. Wewe hujawahi kumwona mgonjwa wa kifafa, Wino. Nani alikuambia hayo?"

Wino akainua macho, yakapita juu ya bega lake, yakaenda mpaka kwenye pazia.

"Sista," akasema kwa sauti ndogo, "nisamehe. Nimeshindwa."

Pazia likasogea. Binti yangu alikuwa amesimama na sinia ya vidonge, amenyooka, kofia haijapinda hata unywele. Alimtazama mtoto wa kaka yake.

"Mnaniangalia nini?" akasema. "Mimi nimekuja tu kuwaambia muda wa kuwaona wagonjwa umekwisha."

Na akainama kuitazama saa ile kifuani.

Mjukuu wangu hakuuachia mkono wa Wino.

"Ni saa ngapi, shangazi?" akauliza.